Kiporo cha Japheth

Dabaso,
11 Februari 2024

Mwanangu Joram,

Barua hii naomba ikukute umekula. Najua wenzangu huanza kwa kuuliza afya, lakini mie nikishajua umekula hayo mengine nayaamini. Sisi huku hatujambo. Hiyo "sisi" yenyewe ni mie na kuku, na Radhia hapo ng'ambo ya ua, ambaye anakusalimu na kuuliza kama umepata mchumba au akuwekee binti wa dadake. Usimjibu. Ananitafuta maneno tu.

Pamoja na barua kuna korosho nilizokaanga mwenyewe, mabuyu, na ng'onda wa papa, yule mkavu wa chumvi. Huyo ng'onda nimemfunga mara mbili kwa karatasi na mara moja kwa mfuko, maana safari ile ulisema abiria walifungua madirisha yote ya basi mpaka Mtito. Mkaange kwa vitunguu, usimchemshe.

Utasema mama ana simu na bado anaandika. Simu ninayo, mwanangu. Nikikupigia unasema uko kazini. Ukinipigia wewe, yote niliyoyaweka moyoni yananitoka, nabaki kukuuliza kama Nairobi kunanyesha. Kalamu hainiharakishi. Mwalimu wetu wa ngumbaro alisema barua ni maongezi na mtu asiyeweza kukukatiza, nikaona hapo nimepata dawa yangu.

Chama chetu kimepanda miche mingine ya mikoko kule kwenye tope, lakini kaa wanaikata. Tunapanda, wanakata. Mwenyekiti amesema tusikate tamaa, Kavuo, mwanachama mwenzetu, akamjibu kwamba kaa nao wana mwenyekiti wao amewaambia hivyohivyo. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kaka yako bado hajarudi. Juzi niliipiga tena ile namba yake. Najua hupendi. Alishika yule mama wa Kitale aliyeuziwa laini hiyo baada ya Japheth. Sasa ni kama jamaa yangu, tunaulizana mvua na mahindi. Ameniahidi kwamba mtu yeyote akimpigia akimtafuta Japheth wa Dabaso, yule aliyekwenda na watengeneza barabara huko kaskazini, atampa namba yangu. Mungu amlinde, haikumlazimu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Jumapili sauti yako haikuwa yako. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea akiwa amelala kifudifudi. Nikauliza kazi inaendaje, ukasema "inaenda". Joram, mie nimekuzaa. Kuna nini hapo kazini?

Mamako,
Kahaso

*

Nairobi,
3 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekula, tena ng'onda wako, na jirani wa juu ameshuka kugonga mlango. Nilidhani amekuja kulalamika, kumbe ni mtu wa Mtwapa, alifuata harufu. Tumekula pamoja. Msalimu Bi Radhia, mwambie bado najifikiria.

Niko salama, mama, usikeshe. Lakini hukukosea.

Unajua kampuni yetu hutangaza bidhaa za watu. Wenye bidhaa huja, tunakaa kwenye chumba kikubwa, mmoja wetu anasimama na kuwaeleza jinsi tutakavyoitangaza mali yao. Wakipenda, wanatupa kazi. Wasipopenda, wanakunywa chai yetu na kwenda kwa wengine. Tangu mwaka uanze anayesimama ni mimi, na wamekwenda kwa wengine mara tatu.

Sikosi maandalizi. Nawapa takwimu, ramani, michoro ya rangi ukutani. Nikimaliza kusema nawaona wanaangalia simu zao chini ya meza. Mkubwa wangu, Bi Kavata, aliniita baada ya mara ya tatu. Hana makelele. Aliniambia, "Joram, umewapimia gunia zima la unga na hakuna aliyeonja sima." Ananitaka nijifunze kusimulia. Anasema mtu akipewa hesabu huikagua, lakini akipewa hadithi huingia ndani yake na kukaa.

Nimepewa hadi mwisho wa Juni. Kampuni moja ya unga wa mahindi inakuja wakati huo, na nikishindwa hiyo, nafasi yangu anapewa mwingine. Basi sasa umejua.

Nikuulize kitu, na ujibu kwa makini, kwa sababu Bi Kavata ametupa kazi hiyo ya kuuliza watu wetu. Umewahi kumsikiliza mtu akiongea mpaka ukasahau chungu jikoni? Alikuwa nani, na alisema nini?

Wako,
Joram

*

Dabaso,
24 Machi 2024

Mwanangu Joram,

Marahaba, na mtu wa Mtwapa naye marahaba yake. Nafurahi una jirani anayejua ng'onda. Mie goti la kushoto linauma kidogo wakati wa kupanda miche, si la kuzungumzwa. Kuku mweusi ameangua tisa, mwewe amechukua wawili, nimefunga kamba zenye karatasi za kung'aa.

Nilisoma barua yako nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Hivi kwa nini mtu afukuzwe kazi kwa kutojua hadithi? Nilikuwa nadhani mjini watu hufukuzwa kwa kusimulia hadithi na kuacha kazi. Radhia naye akasema, "Mama Japheth, huyu mtoto mpeleke kwangu siku mbili, atarudi muongo kamili." Nikacheka, kisha nikaisoma barua upya.

Jambo moja linanitia hofu zaidi. Hiyo mikutano yenu ni mchana. Bibi yako mzaa baba hakuruhusu hadithi mchana hata mtoto alie. Alisema anayetamba hadithi jua likiwa juu huipoteza njia ya kwao. Ila kulikuwa na namna. Mtu akilazimika, hufunika macho kwa kiganja kidogo, liwe giza lake mwenyewe, halafu ndiyo aseme. Usinicheke. Funika tu, ni kiganja, hakiombi ruhusa ya mkubwa.

Na uanze kwa "Paukwa". Wakisema "Pakawa" wamekwisha kuwa wako, maana mtu akishaitika hawezi tena kujifanya hayupo.

Kuhusu chungu jikoni. Nimefikiri siku nyingi. Ni Mwaro, yule anayewatembeza wageni kwenye lile daraja letu la mbao la mikokoni. Kila siku hutaja majina ya mikoko, huu unaitwa hivi, huu hivi, hutoa chumvi kwa majani, na mie huku nakaanga sambusa zangu za kuuza bila kugeuza shingo. Siku moja akawaambia watoto wa shule jinsi alivyokwama kwenye tope udogoni, maji yanajaa, na nduguye amekimbia. Hakusema alitoka vipi. Aligeuka akatazama maji. Mtoto mmoja akamuuliza, "Ukafa?" Watu wote wakaangua kicheko, na sambusa zangu zikawa mkaa. Sijui hapo kuna elimu gani, wewe ndiye msomi. Mie naona tu kwamba ile mikoko siku hiyo niliiona, na ni mikoko ninayoipanda kwa mkono wangu.

Kula. Vaa sweta. Ukisimama mbele ya watu usitie mikono mfukoni.

Mamako,
Kahaso

*

Nairobi,
21 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lisiloweza kuzungumzwa ndilo la kupelekwa kwa daktari. Nenda Gede, nakuomba. Mimi ni mzima, mvua imefika, sweta nimevaa.

Nimekutii, na nina habari mbili. Tulikuwa na mteja mdogo, wauza godoro. Nilisimama, nikafunika macho kwa kiganja. Bi Kavata akadhani kichwa kinaniuma, akanisogezea maji na kidonge. Nikakimeza ili nisimwaibishe. Kisha nikasema kwa sauti, "Paukwa!"

Wale wakubwa wanne walinitazama kama niliyeomba chumvi kanisani. Ndipo mzee anayetupikia chai, aliyekuwa mlangoni na sinia, akaitika "Pakawaaa!" kwa sauti ya mtu aliyengoja miaka. Walicheka, nami nikapotea kabisa, sikumbuki niliendelea na nini. Godoro hatukulipata.

Lakini Bi Kavata hakukasirika. Alisema ile ilikuwa mara ya kwanza wateja kunitazama mimi badala ya ukuta. Alitaka kusikia ile hadithi ya Mwaro uliyoniandikia, akanisimulisha mara mbili. Akaniambia nimeshika kila kitu kisichokuwa changu: maneno ya kuanzia ni ya watu wote, na Mwaro ni wa Mwaro. "Nataka hadithi ambayo wewe umo ndani," alisema. "Mtu mmoja, anataka kitu kimoja, na kuna kinachomzuia. Na ukifika pale panapokuuma, usikimbilie kueleza. Kaa hapo."

Kwa ule unga wa mahindi, mama, ninayo hadithi. Nimekuwa nayo muda mrefu bila kujua kwamba ni hadithi. Siwezi kukuandikia bado, nikiiandika mapema itakuwa tena takwimu.

Ila niambie. Je, bado unaipakua ile sahani?

Joram

*

Dabaso,
26 Mei 2024

Mwanangu Joram,

Nisamehe kuchelewa. Mvua ilikata njia ya huku kwetu, goti nalo lilinilaza. Nimekwenda Gede kama ulivyosema, wamenipa dawa ya kupaka, inanuka kama ile ya ng'ombe lakini inasaidia. Radhia alinipikia wiki nzima. Ametoka sasa hivi, amesema nikusalimu na kwamba yule mzee wa chai ndiye mwenye akili hapo kazini kwenu.

Hayo ndiyo ya goti na mvua. Ukweli ni kwamba barua yako ilifika kabla ya mvua. Nimeikalia.

Naipakua, ndiyo. Kwa nini nisiipakue? Nikisonga sima mkono unakwenda wenyewe kwenye sahani ya kaka yako, kisha naifunika kwa kawa, kisha ndiyo naketi. Hainichukui muda. Haimdhuru mtu. Radhia aliwahi kuniambia niache, tukawa hatuongei toka Ijumaa hadi Jumatano, na hajarudia.

Lakini Joram, mbona waniuliza hilo kwenye mambo ya unga? Naogopa. Kama unataka kusimama mbele ya watu wa suti na kuwaambia habari za Japheth, nakuomba kama mama, usifanye. Aliyetoka hajarudi, hatujapata habari mbaya wala nzuri. Hadithi husimuliwa ikiwa imekwisha. Ukiisimulia ya mtu ambaye bado yuko njiani, ni kama umekaa matanga yake. Utasema "alikuwa" anapenda hiki, "alikuwa" anafanya hivi. Mie neno "alikuwa" sijalitia mdomoni kwa Japheth, mwaka wa saba huu.

Najua Juni imekaribia. Najua wataka kazi. Nisikufunge mikono mwanangu, nami sitaki ushindwe, usiku nakuombea. Ila hiyo niachie. Tafuta nyingine. Nitakutafutia mie. Kuna ile ya babu yako na nyuki. Kuna harusi ya Mwaro walipomkosa bwana harusi. Hizo zichukue zote.

Nimekutumia nazi sita na mabuyu. Korosho hakuna sasa.

Mamako,
Kahaso

*

Nairobi,
7 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Nazi zimefika, moja imepasuka. Baridi ni kali. Kazi ninayo, nalitanguliza hilo ili usome yaliyobaki umekaa.

Hawa wa unga walikuja. Mpaka asubuhi ile nilikuwa nimeshika ya babu na nyuki, nimeifanyia mazoezi mbele ya jirani wa Mtwapa, na ilimchekesha. Nikasimama. Nikawaangalia. Ikatoka nyingine. Sikusimulia habari za Japheth. Nakuandikia nilivyosema, neno kwa neno kadiri ninavyokumbuka, ili uhukumu mwenyewe.

Nilisema: "Nyumbani kwetu kuna sahani moja inayopakuliwa kila jioni na mwenyewe hayupo. Ni ya kaka yangu. Mama huipakua kabla ya zetu, sima ikiwa bado inatoa mvuke. Hulowesha mwiko na kuisawazisha juu, inalainika kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Kisha huifunika. Ya kwangu huja baadaye, nayo haisawazishwi. Mimi nipo.

"Asubuhi sahani ile hufunuliwa, na kilichomo kimekuwa kiporo. Mama hukikata vipande, huniwekea na chai. Nimekula kiporo cha kaka yangu tangu nikiwa na miaka kumi na saba mpaka nilipoondoka kwenda chuo. Sikuwahi kulalamika. Kila asubuhi niliuliza kama kipo. Kilikuwa kigumu na baridi, lakini ndicho chakula pekee nilichokijua kilichopakuliwa na mtu anayemngoja mtu.

"Nilipofika Nairobi nilinunua unga na sufuria. Nikasonga sima yangu ya kwanza. Nikalowesha mwiko, nikaisawazisha, nikaifunika kwa sahani nyingine. Sikuila. Nilienda kulala, nikaila asubuhi."

Basi. Nilifika hapo nikakaa hapo, kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyeshika simu. Mama mmoja wao, ndiye mkubwa wao, alivua miwani akaiweka mezani. Nami nilisimama tu, mama, kama mti. Ilikuwa zamu yangu kusema "tupeni kazi hii" na sikusema. Bi Kavata ndiye aliyesema kwa niaba yangu, nao wakakubali siku ileile.

Baadaye aliniita. Alinipongeza, kisha akasema, "Unasimulia sasa. Lakini hukuomba. Hadithi inafungua mlango, halafu ni lazima umwambie mtu unachotaka kwake, kwa maneno mepesi, bila kumwacha akisie." Akaniuliza kwa nini nilinyamaza.

Nilimwambia kwetu hatuombi. Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile na nadhani ni kweli. Krismasi mbili sikuja. Likizo nilikuwa nayo, zote mbili. Nilikaa chumbani kwangu nikingoja useme njoo. Ulinipigia, ukaniambia nile vizuri, nivae sweta, ukakata. Nikajiambia sahani inayongojwa pale ni moja.

Wanataka kuipiga picha hiyo hadithi, iwe tangazo la televisheni. Mwishoni wanataka kaka arudi, aingie mlangoni, mama alie kwa furaha. Nimewaambia sitasema ndiyo wala hapana mpaka nisikie kutoka kwako. Umeniomba niache na sikuacha. Ukikataa, watatafuta nyingine, na mimi sitakasirika.

Joram

*

Dabaso,
18 Agosti 2024

Mwanangu Joram,

Najua umengoja. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaitia motoni, sima ya wiki hii imepikwa kwa karatasi.

Sina wa kumsalimia leo wala wa kukusalimia. Radhia yuko kwao Malindi, nami nimefurahi hayupo, maana angenisoma usoni. Kuku ni wazima.

Kuhusu kiporo. Niliisoma barua yako jikoni, nikiwa nimeshika kawa mkononi, nikakaa chini palepale. Nilidhani unakipenda. Ulikuwa unaamka na kuuliza, "Mama, kiporo kipo?" kabla hata hujanawa uso. Nikajiambia mtoto huyu ana mdomo wa marehemu baba yake, aliyependa sima iliyolala. Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Miezi ya mwanzo ile sahani ilikuwa ya Japheth, kweli. Baadaye nikaanza kuijaza zaidi. Mtu asiyekuwepo hali zaidi, Joram. Nilijua nani ataila asubuhi. Nikiisawazisha kwa mwiko nilikuwa namwita kaka yako huku nakupakulia wewe, na sikuwa najua kuvitenganisha. Mpaka leo sijui. Yako ya jioni sikuisawazisha kwa sababu ulikuwa umekaa hapo, nakuona ukitafuna. Mama anayemwona mwanawe akitafuna hana haja ya kumpambia.

Kuhusu Krismasi. Nami hapa nikueleze, usifikiri hukutakiwa.

Japheth alipokuwa akipiga simu, kila alipopiga nilimwambia rudi. Alipiga kutoka Isiolo, nikasema rudi. Marsabit, rudi. Alikuwa hajapata kitu cha kurudi nacho, na mie sikulisikia hilo, nilikuwa nasikia tu kwamba yuko mbali. Mara ya mwisho alikuwa Moyale. Aliniambia, "Mama, ukisema hilo neno naona haya hata kupiga." Nikalisema tena. Ndiyo sauti yake ya mwisho niliyonayo. Wiki iliyofuata simu ilikuwa imezimwa, na ilipowaka ilikuwa ya yule mama wa Kitale.

Basi ulipoondoka wewe nikalifungia neno lile. Nikasema huyu sitamfukuza kwa kumwita. Nitamuuliza kama amekula. Nitamtumia ng'onda na nazi, atajua. Krismasi ile ya kwanza nilichinja jogoo, nikakupigia, nikalishika neno kwenye ulimi mpaka likaniuma, nikasema vaa sweta. Jogoo nilimla na Radhia na sikumbuki ladha yake. Ya pili sikuchinja.

Kumbe wewe ulikuwa unalingoja neno lilelile ninalolificha. Nimecheka peke yangu hapa, kicheko kibaya.

Hadithi yako hukuiba kwa Japheth. Nimeisoma na hamna "alikuwa" hata moja juu yake, nimetafuta kwa kidole mstari kwa mstari. Ni yako, ulikuwa na haki nayo, na mie ndiye niliyekuwa sijaisikia. Waambie ndiyo. Lakini asiingie mtu mlangoni. Mtoto wa watu atakayejifanya Japheth ataingia, atakula, watu watapiga makofi, na mwanangu akiiona huko aliko atadhani mahali pake pameshapata mtu. Mlango waache wazi, na anayekula awe yule mdogo. Wakisema unga hautanunuliwa hivyo, usinunuliwe. Utaniandikia wamesema nini.

Sahani ya kaka yako nitaendelea kuipakua. Hilo usinikataze. Ila asubuhi nawamwagia kuku.

Sasa huyo mkubwa wako amesema mtu aseme anachotaka, kwa maneno mepesi, asimwache mwenzake akisie. Ameniweka pabaya. Naandika polepole ili mkono usinitoroke kwenda kwenye sweta.

Njoo, Joram. Si Krismasi, Krismasi ni mbali. Njoo mwezi huu au ujao, siku watakayokuruhusu, hata kama ni ya kulala na kuondoka. Kama huna cha kuja nacho, njoo hivyohivyo. Ukiona haya kwa sababu nimekuita, njoo na haya zako. Nami ninaogopa ninavyoliandika hili, naogopa simu yako itazimika, lakini nimelisema na sitaichoma hii.

Siku hiyo sitapika mapema. Moto nitauwasha, sufuria nitaiosha, unga nitauchekecha. Maji sitayabandika mpaka nikuone umeingia.

Mamako,
Kahaso